Mvumo Chini ya Nyuzi Sita

Jumamosi, 2 Machi

Mvua ya kwanza ya masika imepiga bati saa tisa alasiri kwa nusu saa, kisha ikaondoka kama mgeni aliyekosea nyumba. Nimelitoa gitaa chini ya kitanda. Mwaka wa nne huu sijalichomeka. Nilipochomeka waya, kabla sijagusa uzi hata mmoja, amplifaya ikaanza: mmmmmm. Mvumo ule ule wa zamani, nyuki ndani ya debe. Ukiweka kiganja juu ya nyuzi unanyamaza. Ukiinua, unarudi.

Mama Silantoi, jirani yangu wa ukuta mmoja hapa Lemara, akagonga ukuta kwa mwiko.

"Mwalimu! Hiyo mashine ya kusaga umeinunua lini?"

"Ni gitaa, mama!"

"Gitaa linapigwa. Hilo linaumwa."

Nikazima swichi, na mimi kukubali kushindwa ni habari ya kuandikwa.

Sababu ya kulitoa ni Elieshi. Nimemkuta leo asubuhi soko la Kilombero, ameshusha ndizi zake kutoka mlimani. Ndiye mwenyekiti wa kwaya yetu ya zamani, na ni mke wa Kaanaeli, mtu ambaye sijasema naye neno tangu mwaka 2005. Akaniambia kwaya inatimiza miaka thelathini na mitano, sherehe ni Pentekoste, na wataimba nyimbo zote za mwanzo.

"Nani atapiga solo?" nikauliza.

"Tumekodi mtu wa hotelini, shemeji. Anapiga vizuri."

"Solo ile niliitunga mimi, Gerson."

"Tunajua," akasema, akamgeukia mteja.

Hakuniambia nije. Hakuniambia nisije. Nimerudi nyumbani na uamuzi: Pentekoste nitakaa kwenye kiti changu, mkono wa kushoto wa madhabahu, na gitaa litakalomfanya huyo mtu wa hotelini akunje waya zake aondoke. Lakini si kwa mvumo huu.

Jumapili, 3 Machi

Mvua tangu alfajiri. Mke wangu Anna hakupiga simu. Alikwenda Dodoma kwa binti yetu kwa wiki mbili, mwaka juzi.

Alhamisi, 7 Machi

Siku nne nasoma habari za sumaku. Nilifundisha historia miaka ishirini na sita. Sikujua kwamba historia ya sumaku ina ugomvi mwingi kuliko ya wafalme.

Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna kisanduku chenye sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko. Wapigaji wanakiita pikapu. Uzi ukitikisika, pikapu inasikia. Shida ni kwamba inasikia kila kitu: taa, friji, nyaya za barabarani, dhambi zote za umeme wa nchi hii. Dawa ilipatikana zamani: koili mbili pamoja, moja imezungushwa kinyume cha mwenzake na sumaku yake imegeuzwa, hivyo takataka inayoingia katika moja inafutwa na nyingine, na muziki unabaki. Hizo wanaziita hambaka.

Sasa, gitaa langu lina vifuniko vipana vya hambaka. Kwa nini linavuma? Nimeuliza kwenye jukwaa la wapiga gitaa mtandaoni. Mkenya mmoja akanijibu kwamba magitaa mengi ya bei nafuu ya zama zile yalivalishwa kifuniko kipana, ndani ikawekwa koili moja tu. Nikambishia kwa aya kumi na moja. Hakurudi.

Nimeagiza hambaka mbili kutoka Nairobi. Hilo sikumwambia Mkenya yule.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Nimeandikia gazeti barua kuhusu mitaro ya Lemara. Hawataichapisha.

Jumamosi, 16 Machi

Pikapu zimefika kwa basi la Namanga. Nzito kuliko nilivyodhani. Nimeziweka mezani, mahali pa sahani ya Anna, nikala nikizitazama.

Jumatatu, 18 Machi

Daraja Mbili, kwa Nashipae. Ni mwanamke wa Kiarusha wa miaka arobaini hivi, fundi wa redio na spika za makanisa. Miwani yake ya kusomea imefungwa kwa uzi wa shanga, na hana subira na mtu yeyote. Nimemchagua kwa sababu mafundi wengine wawili wa karibu nimeshagombana nao.

"Shikamoo, mwalimu. Kaa. Usiguse kitu."

"Marahaba. Nimekuletea mchoro wa nyaya, nimeuandikia na maelezo."

"Weka hapo. Nitautazama nikishindwa."

Akalegeza nyuzi, akafungua skrubu, akainua pikapu ya kwanza, akaitoa kifuniko.

"Koili moja," akasema. "Kitanda cha watu wawili, amelala mmoja."

Kwa hiyo Mkenya yule alikuwa sahihi. Nikakohoa.

"Na nani alilifungua hili gitaa kabla yangu?"

"Hakuna. Gitaa hili halijawahi kufunguliwa."

"Mwalimu, usibishane na skrubu. Tazama vichwa vyake vilivyochubuka. Halafu tazama huku."

Akaliinamisha kwenye mwanga. Shimo lote chini ya pikapu, ukuta hadi ukuta, lilikuwa limepakwa fedha. Vipande vidogo vya karatasi ya kung'aa, kimoja kando ya kingine, vimeshikizwa kwa gundi iliyogeuka rangi ya chai. Nashipae akainua ukingo mmoja kwa kibanio.

"Karatasi za ndani ya pakiti za sigara," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa na heshima. "Ona, kila ukingo ameukunja ili fedha iguse fedha. Kisha amevuta kiwaya hadi kwenye ethi, njia ya kushusha takataka ardhini. Huyu alikuwa anazuia mvumo. Bila hizi lingevuma mara mbili."

Pembeni, kwenye mbao, palikuwa na maandishi ya penseli, mepesi kama ya mtu anayeandika kwenye Biblia ya kuazima: K. 14/8/2004.

Ni lazima niandike hapa jambo lenyewe, maana ndilo lililonitoa mlimani. Agosti 2004 nililazwa wiki tatu kwa homa ya matumbo, na gitaa likabaki kwenye stoo ya kanisa. Nilipotoka, sauti yake ilikuwa imebadilika, imepungua meno. Nikamshitaki Kaanaeli. Alikuwa mpiga gitaa wetu wa ridhimu, rafiki yangu tangu utoto, na mzee wa kanisa. Nikasema amelichezea gitaa kwa wivu. Baraza la wazee likamwuliza: uliligusa? Akatazama sakafu, hakujibu. Mwaka uliofuata nikatoa kijitabu changu, *Mnada Hekaluni*, kurasa arobaini na nane dhidi ya ule mnada wa ndizi na mayai unaofanyika uwanjani kila Jumapili baada ya ibada. Na ukurasa wa thelathini na moja nikamwita Kaanaeli Yuda wa nyuzi sita. Wiki hiyo hiyo aliacha kwaya. Mimi niliondoka usharikani kabla hawajanitoa, na gitaa nikaondoka nalo.

Nikapiga meza ya Nashipae. Redio tatu zikatikisika.

"Alilifungua! Karibu miaka ishirini nasema alilifungua!"

"Ndiyo, alilifungua," akasema. "Nizibandue? Hambaka hazizihitaji."

"Usiguse! Huo ni ushahidi."

Nikapiga picha kumi na mbili.

Jumanne, 19 Machi

Siku nzuri kuliko zote mwaka huu. Nimeanza toleo la pili la kijitabu. Kichwa cha utangulizi: "Ushahidi Umepatikana." Nimempigia Anna nikamsomea. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama nimekula.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua. Kurasa sita.

Jumapili, 24 Machi

Nimekwama ukurasa wa saba. Nimeikuza ile picha kwenye kompyuta hadi nyuzi za mbao zinaonekana.

Usharika mzima, aliyekuwa akivuta sigara bila kujificha alikuwa mmoja. Alivutia nyuma ya ukumbi wa kwaya na pakiti tupu akazitupa kwenye migomba. Niliacha mwaka 2009, Anna alipokataa kulala chumba kimoja na moshi. Pakiti hizo ni zangu.

Nimehesabu vipande vinavyoonekana: ishirini na tatu. Mtu mwenye wivu anakata waya. Ni kazi ya dakika moja. Hainami kwenye migomba mara ishirini na tatu, hanyooshi karatasi kwa ukucha, hakunji kila ukingo.

Nilikuwa sahihi. Alilifungua. Hicho ndicho kinachonikera: sina pa kusahihishwa.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua kutwa. Sikuandika.

Alhamisi, 28 Machi

Nashipae amemaliza kuchomelea. Tukajaribu kwa amplifaya ya kanisa fulani iliyoletwa matengenezo. Pikapu ya mbele: sauti nene, ya kifuani. Ya nyuma: kali, ina meno yote. Kisha akasogeza swichi katikati ili zisikike zote mbili, na kikatoka kitu chembamba cha puani, mzee mwenye mafua analalamikia uji.

"Umeharibu," nikasema.

"Sijaharibu. Zinabishana. Moja inasukuma, nyingine inavuta. Kila moja peke yake haina tatizo." Akanitazama juu ya miwani. "Umeshawahi kuona watu wa hivyo?"

"Fundi, kazi yako ni nyaya."

"Basi tazama nyaya."

Akabadilisha nyaya mbili za pikapu ya nyuma, hii huku, ile kule, akagusa kwa solda, akapuliza. Akapiga nyuzi zote sita kwa mkono wa mtu asiyejua gitaa. Sauti ikajaa kibanda. Mwendesha bodaboda aliyekuwa akikwepa mvua mlangoni akasema, "Duh!"

Alipoacha kupiga, hakukuwa na mvumo. Nikamwuliza kwa nini zamani ulinyamaza kila nilipogusa nyuzi.

"Kwa sababu wewe mwenyewe ni antena," akasema. "Mwili unakusanya takataka yote ya umeme iliyo hewani. Ukigusa nyuzi unaunganishwa na ethi, inashuka. Siku moja chomeka waya mtupu kwenye amplifaya, shika ncha yake kwa kidole. Utavuma mwenyewe, mwalimu, huhitaji gitaa."

Akacheka peke yake muda mrefu.

Karatasi za Kaanaeli ziko pale pale, chini ya pikapu mpya. Sikumwambia azitoe. Hakuuliza mara ya pili.

Jumapili, 31 Machi. Pasaka

Nimepiga ile solo mara thelathini. Vidole vimekumbuka, isipokuwa kidole cha mwisho ambacho siku zote kilikuwa mvivu. Nikiacha kupiga, kimya ni kikavu kabisa. Nasikia maji kwenye pipa. Nasikia saa ya ukutani ambayo nilidhani imekufa.

Mama Silantoi hakugonga. Mchana nimemkuta akianua nguo.

"Mwalimu! Upo? Nilidhani umesafiri."

"Nimepiga gitaa tangu asubuhi."

"Ahaa. Siku hizi husikiki ukiwa hupigi." Akakunja shuka. "Ile mashine ilikuwa inaudhi, lakini mtu alijua upo."

Akaniletea sahani ya pilau juu ya uzio. Nimekula nimesimama.

Jumamosi, 6 Aprili

Sokoni. Mvua kubwa, tumejibana chini ya turubai la Elieshi. Nikampa simu yenye picha. Akafuta mikono kwenye kitenge, akaitazama muda mrefu.

"Umelifungua," akasema.

"Kwa nini hakusema? Aliulizwa mbele ya baraza zima. Swali moja, Elieshi. Uliligusa? Mtu asiye na hatia anasema ndiyo, nililigusa, sababu ni hii."

"Usinipigie kelele, shemeji, mimi siyo baraza."

Nikashusha sauti.

"Gitaa lako lilikuwa linavuma wakati wa sala," akasema. "Watu wanaungama dhambi, lenyewe mmmmm. Wazee wakakata shauri litolewe kanisani, tubaki na kinanda. Mume wangu, Baba Tabea, akawaomba mwezi mmoja. Ulikuwa hospitali."

"Mimi sikuambiwa!"

"Nani akuambie? Ungeandika."

Wanawake wa meza ya jirani wakacheka waziwazi. Mmoja akasema, "Angeandika na picha."

"Alisema, Gerson akijua wazee wamelikataa gitaa lake hatakanyaga kwaya tena. Kwa hiyo wakakubaliana, hakuna wa kumwambia. Akalifungua jikoni kwangu, kwenye meza ya kusukumia chapati. Alipomaliza, wazee wakasikiliza, wakasema sawa, libaki. Halafu wewe ukatoka hospitali ukamshitaki, wazee ikabidi wamwulize kana kwamba hawajui. Pale barazani ajitetee vipi? Ili ajitetee ilibidi akwambie mbele ya watu kwamba walikuwa wamekutoa. Akatazama chini."

"Na baada ya kijitabu?"

"Baada ya kijitabu alikuwa amechoka."

Nikauliza kama bado anapiga.

"Gitaa lake lilikaa darini mpaka panya wakala nyuzi. Tabea ana miaka kumi na tisa, shemeji. Hajui kwamba baba yake alikuwa mpiga gitaa."

Nimenunua mkungu mzima ambao siwezi kuumaliza.

Jumatatu, 8 Aprili

Barua kwa Kaanaeli. Rasimu ya kwanza ina kurasa tisa. Kufika ya pili nimeshaanza kumshambulia mchungaji wa wakati ule. Nimeichana.

Jumanne, 9 Aprili

Rasimu ya pili: kurasa nne. Inaeleza kwa nini, kwa ushahidi uliokuwepo mwaka 2005, mtu yeyote mwenye akili angefikia hitimisho kama langu. Nimeichana.

Jumatano, 10 Aprili

Rasimu ya tatu: "Ndugu Kaanaeli." Nikakaa nayo hadi chai ikapoa.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimepanda mlimani kwa miguu kutoka barabara ya lami, maana magari yameshindwa. Matope yamenivua kiatu mara mbili. Wamekata mvule wa njia panda. Sikuambiwa, nani angeniambia. Nimefika kwenye ua wa Kaanaeli. Alikuwa ndani ya kahawa yake, gunia mabegani, anapogoa machipukizi kwenye mvua ya rasharasha. Nywele nyeupe. Akainua kichwa. Tukatazamana kwa muda wa kuhesabu kumi.

Nimejibizana na wabunge. Nimebishana redioni na askofu mstaafu, nikamshinda. Nikageuka nikashuka.

Jumapili, 21 Aprili

Mvua. Homa kidogo. Mama Silantoi ameleta uji, akasema ninapiga chafya kwa hasira.

Jumamosi, 27 Aprili

Elieshi alinisubiri leo kabla hata sijafika kwenye meza yake.

"Mtu wa hotelini amepata kazi Zanzibar, ametuacha. Kamati imekaa. Wamesema uulizwe."

Kiti changu. Mkono wa kushoto wa madhabahu. Nilikitaka tangu Machi; kusema kweli nilikitaka tangu siku nilipoondoka. Nikamwambia nitajibu.

"Alikwambia nilikuja?" nikauliza.

"Alisema ameona mtu wa mjini amepotea njia."

"Nikimpelekea hili gitaa? Liwe lake?"

Elieshi akatikisa kichwa. "Ukimletea mkononi atalikataa. Utamfahamu vipi rafiki yako miaka yote hiyo usijue hilo? Hapokei kitu kutoka kwako." Akapanga vichane vyake, akavipangua. "Labda lipite mnadani."

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Kwetu kitu kikishaletwa kama sadaka, kikauzwa uwanjani, si cha aliyekitoa tena. Anayekinunua anaweza kumkabidhi amtakaye, mjane, mchungaji, mgonjwa, na aliyekabidhiwa hakatai, kwa sababu anapokea kutoka kwa Mungu na siyo kutoka kwa mtu. Najua vizuri. Niliandika kurasa arobaini na nane dhidi ya desturi hiyo.

"Lakini akilinunua mtu mwingine?" nikasema.

"Ndiyo mnada," akasema Elieshi.

Jumanne, 30 Aprili

Ningeweza kupiga Pentekoste, kisha nikalipeleka mnadani Jumapili inayofuata. Hoja nzuri. Nimeizungukia siku tatu sijaona ufa, na ndiyo maana siiamini. Ningekaa kwenye kile kiti mbele ya watu wale wale waliosoma ukurasa wa thelathini na moja, wakanipigia makofi, na yeye akiwa benchi la nyuma.

Ijumaa, 3 Mei

Nimempigia Elieshi: kile kiti sikikalii. Kisha nimepiga solo mara ya mwisho. Kidole cha mwisho kimekubali. Ndiyo tabia yake.

Jumapili, 12 Mei

Nimepanda na gitaa mgongoni, limefungwa kwa mfuko wa mbolea. Ibada nimeisikilizia nje. Baada ya ibada watu wakatoka, miavuli ikafunguka, Hans akapanda kwenye jiwe lake. Ni mzee wa kanisa na ndiye dalali tangu nikiwa kijana. Sauti yake imepasuka, lakini bado inafika bondeni. Akauza mikungu miwili, chupa ya maziwa mgando, jogoo aliyeponyoka akauzwa akiwa anakimbizwa. Kisha akaniona.

"Mwalimu Gerson! Umekuja kununua au kutuandika?"

Kicheko. Nikafungua mfuko.

"Nimeleta sadaka."

Kicheko kikakatika. Hans akalipokea gitaa, akalishika kwa shingo kama alivyomshika jogoo.

"Mwenye sadaka ana neno?"

Nikaona watu wakihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Wananijua. Na kweli mfukoni nilikuwa na kurasa nne. Nilipozitoa zilikuwa zimelowa na kushikana.

Nikasema: "Mwaka 2005 niliandika kwamba Kaanaeli alilifungua gitaa hili. Ni kweli, alilifungua. Alilifungua ili alitengeneze, kwa karatasi alizoziokota nilipozitupa mimi, ili lisitolewe kanisani. Jina nililomwita nalifuta. Sina neno jingine."

Tone moja la mvua likagonga uzi, nikalisikia.

Hans akaanza mnada. Mfanyabiashara mmoja wa Usa River akataja bei, mwalimu wa shule ya jirani akapandisha, yule wa Usa River akapandisha tena kwa furaha ya mtu mwenye gari kavu. Nikapata hofu ambayo sikuitarajia: gitaa lingekwenda kutundikwa ukutani kwenye baa. Sikuwa na haki hata ya kufungua mdomo. Ndipo nikaona upande wa wanawake wa kwaya mikono inapita chini ya vitenge, noti zinakwenda kwa Elieshi, na Elieshi akapaza sauti mara moja. Mtu wa Usa River akafungua mdomo. Mwanakwaya mmoja akamwambia, "Baba, angalia gari lako lisizame," naye akaufunga.

"La kwaya!" Hans akalia.

"Kwaya inamkabidhi Kaanaeli," akasema Elieshi.

Kaanaeli alikuwa amesimama chini ya mchirizi, karibu na tanki la maji. Watu wakaachia njia. Akalipokea kwa mikono miwili, kama unavyompokea mtoto wa mwenzio. Aligeuza uso wa gitaa juu, akagonga pikapu kwa ukucha. Nilikuwa nimeshamfikia.

"Koili mbili?" akauliza. Sauti ile ile.

"Mbili."

"Ile karatasi yangu ulitupa?"

"Ipo pale pale."

"Kwa hizi mpya haihitajiki."

"Najua."

Akasugua nyuzi kwa kidole gumba. Kidole kimepasuka kama gome.

"Hivi ni vya jembe sasa," akasema. "Pentekoste siwezi."

"Sikuja kwa ajili ya Pentekoste."

"Gerson, tangu tulipokuwa wadogo sijawahi kukusikia ukimaliza sentensi kabla ya mwenzio kuchoka." Hakucheka, lakini mtu wa karibu alicheka. "Spika bado unayo?"

"Ipo Lemara."

"Barabara ikikauka uilete. Za kanisani sizitaki. Sitaki wanisikie kabla sijajisikia mwenyewe."

Hatukupeana mikono. Yake ilikuwa imejaa.

Jumapili, 19 Mei. Pentekoste

Nimekaa benchi la nyuma kabisa, kati ya nguzo na mama mwenye pacha. Walipofika kwenye solo, hakuna aliyepiga. Wanawake wameiimba kwa midomo, noti kwa noti, solo yangu yote. Wamekosea mbili. Sikumwambia mtu.

Kaanaeli alikuwa upande wa wanaume. Hakugeuka, wala sikumtarajia ageuke.

Nimerudi Lemara saa kumi, nimelowa. Amplifaya ipo sakafuni, waya wake umelala, hakuna cha kuuchomeka. Nikaiwasha. Kimya. Nikakumbuka maneno ya Nashipae, nikaishika ncha ya waya kwa kidole.

Mmmmmm.

Chumba kizima. Ule ule. Nikaondoa kidole: kimya. Nikarudisha.

Ukuta ukagongwa kwa mwiko.

"Mwalimu! Imeanza tena?"

"Imeanza, mama!"

"Haya," akasema Mama Silantoi.

Sikutoa kidole upesi.

Jumatano, 22 Mei

Mvua.

Jumapili, 26 Mei

Mvua, lakini nyembamba. Nimemwambia Anna habari za mnada. Hakuuliza kama nimekula. Akasema, "Rudia hapo alipouliza karatasi."

Jumamosi, 1 Juni

Siku ya tano bila mvua. Asubuhi hii mlima umefunguka wote hadi kileleni. Nimeifunga amplifaya kwa blanketi la Anna, nimeifikisha hadi barabarani peke yangu. Dereva wa pikapu ya ndizi inayorudi juu bila mzigo ameniuliza kama barabara ya kule inapitika.

Nimemwambia imekauka.